Tembo Aliyetazama Barabarani

Nimeshona nguo za watu miaka mingi nikiutazama ukuta mmoja. Cherehani yangu ipo barazani kwa duka la simu hapa Karatu, kando ya barabara kubwa inayopanda Ngorongoro, na ng'ambo ya barabara ulikuwepo ukumbi. Ukutani walichorwa bwana na bibi wanacheza dansi, na pembeni yao tembo amesimama kwa miguu miwili ya nyuma, mkonga umeshika chupa ya soda. Mvua zilianza kumfuta bibi miguu. Kisha bwana akapotea uso. Tembo peke yake ndiye aliyebaki na chupa yake, mlevi wa soda, ananitazama kila nikiinua kichwa kutunga uzi.

Mwaka huu wakaja mafundi na nyundo. Mwenye kiwanja anataka kujenga maduka ya ghorofa. Nilipoona bati la kwanza linashushwa, nilijichoma sindano kidoleni, mimi fundi wa miaka yote hii.

Kuna binti aliniletea sare ya shule kupunguza. Akaniona nimekodoa macho ng'ambo, akaniuliza, "Mama fundi, kwani pale palikuwa na nini?"

"Palikuwa na disko toto."

"Disko toto ndiyo nini?"

Jamani! Nilimwambia akae, nimweleze, lakini simu yake ikalia na akaondoka anacheka na simu. Siwalaumu. Kila mmoja ana disko yake mkononi, anacheza peke yake na kidole gumba. Sisi tulikuwa tunaisubiri sikukuu.

Maana disko toto ilikuwa ya sikukuu tu: Krismasi, Pasaka, Idd. Siku nyingine ukumbi ulikuwa wa watu wazima na bia zao. Sikukuu ikifika walevi walifukuzwa asubuhi, viti vikarundikwa uani, sakafu ikamwagiwa maji, na kuanzia saa sita mchana mpaka jua kuzama ukumbi ulikuwa wetu. Madirisha yalizibwa kwa magunia ya kahawa ili ndani kuwe giza. Balbu zilipakwa rangi ya kucha, moja nyekundu, moja zambarau. Tulikuwa tukiingia tunapiga kelele kabla hata muziki haujaanza.

Wengi wetu tulishuka kutoka mashamba ya kahawa, ambako baba zetu walikuwa vibarua. Walikuwepo watoto wa Kinyaturu kutoka Singida, Wagogo wa Dodoma, na sisi Wairaqw ambao wazazi wetu walitoka Mbulu. Watoto wa Kigogo walitikisa mabega mpaka unaogopa yatachomoka. Sisi kazi yetu kurukaruka. Na dini haikuulizwa mlangoni. Idd tulikwenda wote, Krismasi tulikwenda wote, kila mtu na gauni lake au kaptula yake inayonukia upya wa dukani.

Mlangoni alikaa bawabu, mwanamume mnene mwenye tochi, juu ya kreti ya bia. Ukishalipa anakugonga muhuri kwenye kifundo cha mkono, wino wa zambarau, picha ya tembo anatembea. Ukitoka kununua ubuyu, unarudi, unaonyesha tembo wako, unaingia. Basi sisi watoto wa shamba tukagundua ujanja. Mwenye muhuri anatoka, anaulamba muhuri wake ukiwa bado mbichi, anaubandika kwenye mkono wa mwenzake, kifundo kwa kifundo, mnahesabu mpaka kumi. Tembo anahamia. Anakuwa hafifu kidogo, lakini ni tembo. Wengi waliingia hivyo, bawabu akiwa na watu wengi mlangoni.

Nimeyasema haya yote kwa furaha. Sasa niseme lile ninalolijua mimi peke yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, mdogo wangu saba. Mama alitushonea magauni ya kitambaa kimoja, ya njano, kola nyeupe, kwa cherehani ya kuazima kwa jirani. Asubuhi ya Krismasi, baada ya ibada, alinifungia pesa kwenye ncha ya leso akaikaza kwa meno. Akaniambia, "Hiyo ni ya viingilio vyenu wote wawili. Mdogo wako usimwachie mkono." Mdogo wangu alikuwa nje wakati huo, anapakwa mafuta miguuni na shangazi. Hakusikia.

Tulishuka tumebeba viatu mikononi ili visishike udongo mwekundu. Kwenye mfereji wa mwisho kabla ya mjini tukaosha miguu, tukavaa. Mdogo wangu alikuwa anaongea njia nzima. Aliniuliza kama balbu nyekundu ikikuwakia na gauni la njano, gauni linakuwa rangi gani. Nikamwambia ngoja utaona.

Nje ya ukumbi alisimama muuza miwani ya plastiki, ameitundika kwenye ubao kama samaki. Msichana mmoja wa shamba letu, ambaye baba yake alikuwa nyapara na yeye hakutuacha tusahau hilo, alikuwa ameshavaa yake. Alinitazama juu mpaka chini. Mimi na mdomo wangu mrefu nikaona siwezi kuingia ndani nikiwa macho matupu mbele ya mtoto wa nyapara. Nikafungua leso. Nikanunua miwani nyekundu kwa kiingilio cha mdogo wangu.

Nilimvuta pembeni nikamwambia, "Mama kanipa ya mmoja tu. Kasema wewe bado mdogo, utaingia mwakani."

Hakulia. Alisema, "Mama kasema hivyo?"

"Ndiyo. Lakini mimi nitakutolea muhuri."

Yaani niliona kumdhulumu peke yake hakutoshi. Nikamfanya mama kuwa mbaya, na mimi nikawa malaika wa kumwokoa. Mtoto wa miaka kumi na moja! Sijui niliyatoa wapi.

Nikaingia, nikagongwa tembo wangu, nikacheza wimbo mmoja kwa sababu sikuweza kujizuia, nikatoka. Muhuri ulikuwa umeshaanza kukauka. Nikalamba, nikabandika, tukahesabu mpaka kumi. Tembo alitoka vizuri, mkonga na yote. Mdogo wangu alienda mlangoni ameunyoosha mkono mbele kama anayebeba yai.

Bawabu akaumulika. Akaumulika tena. Kisha akaanza kucheka, tumbo lote linacheka.

"Njooni muone," akawaambia watoto waliokuwa kwenye foleni. "Tembo wangu mimi wote wanatazama ndani, wanaingia kucheza. Huyu wa kwako anatazama barabarani. Huyu anarudi nyumbani!"

Kweli. Muhuri ukihamishwa unageuka. Miaka yote ile hakuna aliyekuwa amegundua, na bawabu siku zote alikuwa na haraka. Siku hiyo alikuwa na nafasi. Foleni nzima ikacheka. Nami nilicheka. Nimesimama pale na miwani yangu nyekundu, nikacheka pamoja nao ili nisionekane ni dada yake.

Bawabu hakuwa mtu mbaya. Alimwonyesha jiwe kubwa kando ya mlango akamwambia akae hapo apate kivuli. Mimi nikainama nikamwambia, "Nyimbo mbili tu. Nakuja sasa hivi." Nikamwachia sweta langu anishikie.

Ndani kulikuwa giza, na mimi nimevaa miwani ya jua, kwa hiyo sikuona balbu, sikuona watu, nilikanyagwa na kukanyaga. Mtoto wa nyapara hata hakunitazama. Lakini muziki, loo! Nilicheza mpaka magunia ya dirishani yakaanza kuonyesha wekundu wa jua linalozama. Nilipotoka alikuwa palepale kwenye jiwe, sweta langu amelikunja vizuri mapajani. Njiani aliuliza swali moja tu, ile miwani nimeipata wapi. Nikasema nimeiokota.

Nyumbani mama alituuliza disko ilikuwaje. Mdogo wangu akapita moja kwa moja kwenda kulala na gauni lake. Mama akasema maskini, amechoka kwa kucheza. Nikamwacha aamini hivyo.

Hakukuwa na mwakani. Kabla ya Krismasi nyingine baba aliacha kazi ya kahawa tukahamia Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu, na huko sikukuu ilikuwa ni kulala tu. Tuliporudi Karatu tulikuwa wasichana wakubwa, na ukumbi ulikuwa umegeuzwa kanisa la watu fulani wa maombi. Baadaye ukawa stoo ya saruji. Baadaye ukawa si kitu. Vingine navyo vilishakwenda: ile bembea ya farasi wa mbao iliyosukumwa kwa mikono kwenye uwanja wa mnada, na studio ya picha yenye pazia la bahari, ambako sisi watu wa milimani tulipiga picha tumesimama ufukweni na masweta.

Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakunijua mimi. Yangu imepita miaka zaidi ya thelathini.

Kuanzia Krismasi ile, mama akimpa mdogo wangu kitu, yeye husema, "Mpe dada kwanza." Nyama, kiatu, hata mahindi ya kuchoma. "Mpe dada kwanza." Mama alijisifu kwa majirani kwamba amezaa mtoto mwenye adabu. Mimi nilijua si adabu. Alipopata mume wa mbali, Samunge, huko kwenye vilima vya Loliondo, alikwenda kama mtu aliyekuwa anasubiri gari. Alikuwa akituma salamu, alikuwa akituma asali, yeye mwenyewe haji.

Mama alipougua nilimpigia simu mapema. Huko Samunge mtandao wa simu ni wa kupandia kilima, lakini alinipata. Akasema, "Si upo wewe? Wewe ndiye mama anayekutaka." Mama akiwa kitandani aliniuliza, kwa sauti ya chini kama anayeuliza aibu, "Hivi mdogo wako kwa nini hanipendi?" Nilikuwa na nafasi, mlango umefungwa, tuko wawili. Nikasema, "Anakupenda, mama. Njia ni mbaya, mvua." Mdogo wangu alikuja kwenye mazishi. Akatupia udongo wake akasimama nyuma kabisa, karibu na barabara.

Mtu atasema, yote hayo kwa disko ya siku moja? Sijui. Mimi najua tu kwamba mtoto wa miaka saba ana vitu vichache, na mama ni kimoja kati ya hivyo.

Basi mwaka huu, wiki ileile mafundi walipoanza kubomoa, mdogo wangu akanipigia kwamba anakuja Karatu hospitali kupimwa macho. Atalala kwangu siku mbili. Nilifagia nyumba mara tatu. Mume wangu alishajiendea zake Babati na mwanamke mwingine, wanangu wako Arusha na Dodoma, wananipigia Jumapili wakikumbuka. Kwa hiyo nyumbani kwangu ukikohoa, kikohozi kinakurudia. Katika wote tuliokula chungu kimoja kule shambani, tumebaki mimi na yeye. Nikajiapiza: safari hii nasema.

Siku ya kwanza nilipika makande, sikusema. Siku ya pili alirudi kutoka hospitali amevaa miwani ya kusomea, fremu nyeusi, akasimama mlangoni akageuza kichwa huku na huku. "Dada, nimependeza?"

Nikajifanya chungu kinaungua, nikakimbilia jikoni kwenye chungu ambacho hata moto hakikuwa nao.

Asubuhi ya tatu nilimsindikiza. Gari la kupanda Loliondo lilikuwa linaondoka saa nne, nami nilikuwa nimebeba begi lake. Tulipofika usawa wa ukumbi nikamwambia tuvuke. Bati lote lilikuwa limeshashushwa. Ukuta wa mbele ulikuwa bado umesimama na fremu ya mlango, na tembo alikuwa amebaki kiunoni kwenda juu. Mafundi walikuwa kivulini wanakunywa chai na chapati. Jiwe lilikuwa palepale kando ya mlango. Mvua zote zile, kanisa, saruji, hakuna aliyepata sababu ya kulihamisha.

"Unapakumbuka hapa?" nikauliza.

"Napakumbuka."

Nikaweka begi chini. Nilikuwa nimejipangia maneno marefu, yenye utangulizi na Mungu ndani yake. Yakatoka haya tu: "Mama alitoa ya wote wawili."

"Ya nini?"

"Ya kiingilio. Alinifungia kwenye leso, ya wote wawili. Hakusema wewe ni mdogo. Mimi ndiye niliyesema."

Alivua miwani yake mipya, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena. Akanitazama kama anayesoma maandishi madogo.

"Ile miwani nyekundu," akasema.

"Ndiyo."

"Ulisema umeiokota."

"Nilisema hivyo. Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuwa mtoto."

"Na mimi nilikuwa nani?" Sauti yake haikupanda. "Ulisema nyimbo mbili. Nilikuwa najua kuhesabu mpaka ishirini tu. Zikafika ishirini, nikaanza tena moja."

Magari mawili ya watalii yakapita, vumbi likatufunika. Akangoja litue.

"Mama alijua?"

"Hakujua."

"Mpaka anakufa?"

"Mpaka anakufa."

"Hakuwahi kuuliza?"

Hapo ningeweza kudanganya tena. Ulimi ulikuwa tayari, umezoea. "Aliuliza," nikasema. "Aliuliza kwa nini humpendi. Nikamwambia njia ni mbaya."

Akaweka mkono mdomoni. Nilidhani atanipiga, na wallahi ningefurahi. Lakini alilia, na hakuwa ananililia mimi. Alikuwa anasema, "Mama. Mama yangu jamani," taratibu, kama anamwita mtu aliye chumba cha pili. Nilinyoosha mkono nimshike bega. Akarudi nyuma hatua moja.

Alipomaliza alijifuta uso, akaangalia ule mlango, akaangalia jiwe.

"Kaa hapo, dada," akasema.

"Gari litakuacha."

"Kaa. Nakuja sasa hivi."

Akachukua begi lake, akapita mlangoni, akaingia ukumbini. Nilipaswa kuelewa pale alipochukua begi. Lakini nilikaa. Nilisikia viatu vyake juu ya saruji, vinakwenda polepole, vinasimama, vinakwenda. Nilifikiri anatafuta balbu zilikuwa wapi, au anasimama katikati tu, apate kusema aliwahi kuingia. Sikugeuka kuchungulia. Nikasema moyoni, mwache aone. Baada ya muda sikusikia viatu tena.

Mafundi wakarudi kazini. Mmoja wao, mwanamume wa makamo mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, akaniona bado nipo. "Shikamoo mama. Unamngoja nani?"

"Marahaba. Namngoja mdogo wangu, yumo ndani."

Akachungulia, akanirudia na huruma usoni. "Mama, humu hakuna mtu. Ukuta wa nyuma tuliuangusha juzi. Yule dada alishatoka kwa huko uani, zamani. Kaelekea stendi."

Nikatazama saa. Gari la Loliondo lilikuwa limeshaondoka, labda limeshafika geti la hifadhi, linaanza kupanda kwenye ukungu. Nikatoa simu, nikairudisha mfukoni. Ningesema nini? Kwamba amenidanganya?

"Asante, baba," nikamwambia. "Naomba nikae kidogo."

"Utaumwa na vumbi, mama."

"Naomba tu nikae."

Akaniacha. Ng'ambo ya barabara cherehani yangu ilikuwa imefunikwa kanga, mteja mmoja alikuja, akanitafuta kwa macho, akaenda zake. Jua likapanda kichwani, kikaja kivuli kidogo cha ukuta, kikaondoka. Njaa iliniuma ikaacha. Nilikuwa najua disko inaisha saa ngapi, na sikutaka kuondoka kabla. Muziki haukuwepo wa kuhesabu. Nikahesabu magari ya watalii yanayopanda Ngorongoro. Yakafika ishirini, nikaanza tena moja.